Bei ya Kusubiri: Riba, Dhahabu na Hisa Ukiwa Umetoka Nyakisasa

Tangu bei ya dhahabu ivuke dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025, hapa chuoni kila mtu amekuwa mchambuzi wa masoko. Kantini, kwenye foleni ya ATM siku bumu limeingia, kwenye magrupu ya WhatsApp ya kozi, mada ni hiyo hiyo. Mmoja anauliza gramu moja inauzwaje. Mwingine amefungua akaunti ya kutredi dhahabu kwenye simu na anatuma picha za faida (za hasara huwa hatumi). Wa tatu anataka kujua kama achukue hisa za benki. Mimi nimekuwa nikinunua na kuuza hisa kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo maswali haya yananikuta mara nyingi, na jibu langu huwa linawaudhi watu: kabla hujaniuliza dhahabu au hisa, niambie riba ikoje.

Sijifanyi mchumi, nasoma kitu kingine kabisa. Ila nyumbani kwetu ni Nyakisasa, wilayani Ngara, upande wa Rulenge, na mtu aliyekulia Kagera amelijua jambo hili kabla hajasikia maneno "sera ya fedha". Analijua kwa jina la butura.

Kwa wasiotoka kwenye kahawa, butura ni hivi. Mkulima amebanwa, ada ya shule imefika au kuna mgonjwa ndani, na kahawa bado iko mtini, pengine bado ni ua. Anakuja mtu mwenye hela mkononi, anainunua ikiwa hapohapo mtini kwa bei ya chini, halafu mavuno yakifika anaivuna yeye. Serikali na vyama vya ushirika wameipiga vita miaka nenda rudi, na bado ipo. Tuseme kilo moja imeuzwa kwa shilingi 1,000 leo, na baada ya miezi minne ingeuzwa 2,000. Hakuna aliyetamka neno riba, hakuna mkataba, hakuna benki. Lakini mkulima amepokea 1,000 na kurudisha 2,000 ndani ya miezi minne. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa miezi minne. Tajiri wa butura anachouza ni uwezo wake wa kusubiri, na mkulima anachokosa ni huohuo.

Kwa hiyo riba ni bei ya kusubiri. Ukishaishika hapo, mengine yote ya masoko yanafunguka, ya Dar es Salaam na ya New York.

Chukua hesabu moja tu. Mtu anakuahidi shilingi milioni 100 baada ya miaka kumi. Ahadi hiyo leo ina thamani gani? Kama hela yako ingeweza kupata asilimia 3 kwa mwaka mahali pengine salama, ahadi hiyo leo ni kama milioni 74 na kidogo. Kama ingeweza kupata asilimia 10, ahadi hiyohiyo leo haifiki milioni 39. Mtoaji ahadi hajabadilika, milioni 100 hazijabadilika, kilichopanda ni bei ya kusubiri. Hisa ni ahadi ya magawio ya miaka ijayo. Mgodi ambao haujajengwa ni ahadi. Shahada unayosoma nayo ni ahadi, ila hiyo tuiache leo.

Sasa riba yetu ikoje? Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inatangaza riba yake kila robo mwaka, na riba hiyo ndiyo dira ya bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa siku chache. Ilianza asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Mfumuko wa bei nao umekuwa ukizunguka asilimia 3 na kidogo. Ukiishia hapo utadhani hela Tanzania ni rahisi. Nenda benki uombe mkopo uone: wastani wa riba ya mikopo ni kama asilimia 15 kwa mwaka. Halafu shuka mtaani kwa wale wa kausha damu. Ukichukua laki moja leo na kurudisha laki na ishirini mwezi ujao, unaona ni elfu ishirini tu. Ukiizungusha hivyo mwaka mzima, deni linalojilimbikiza linakuwa karibu mara tisa ya ulichochukua. Nchi ni moja na shilingi ni moja, ila bei ya kusubiri inategemea wewe ni nani na umebanwa kiasi gani. Ndiyo maana mtu akinitumia uchambuzi wa riba ya Marekani wakati ana deni la kausha damu, namwambia soko lake la kwanza liko palepale alipokopa.

Kuna upande mwingine wa riba, ule wa mwenye hela ya kukopesha, na hapa wanachuo wengi hawajui kwamba serikali yenyewe inawakopa wananchi. Inaitwa hatifungani. Benki Kuu huziuza kwa mnada, na unaweza kuingia kwa kuanzia shilingi milioni moja. Mwaka 2021 ilianza kutolewa ya miaka 25, kuponi yake asilimia 15.95 kwa mwaka. Maana yake ukiwa na karatasi ya milioni moja unalipwa shilingi 159,500 kila mwaka, kwa mikupuo miwili. Mwaka 2022 kuponi ya hatifungani mpya za muda huohuo ikashushwa hadi asilimia 12.56.

Fikiria aliyekuwa na karatasi ya zamani. Sokoni mpya inalipa 125,600, ya kwake inalipa 159,500. Nani angeiuza kwa milioni moja? Hakuna. Kwa hesabu ya kawaida, karatasi ile ya milioni moja inakwenda hadi kama milioni moja na robo, bila mwenyewe kufanya chochote. Riba ikishuka, bei ya hatifungani ya zamani inapanda. Ikipanda, bei inashuka. Watu hulikariri hili kwa ajili ya mtihani na kulisahau, lakini ndilo linaloendesha hela nyingi zaidi duniani kuliko hisa zote unazozisikia kwenye habari.

Na tazama jambo hili kwa utulivu: asilimia 12.56 ukitoa mfumuko wa bei wa asilimia 3 na kidogo, unabaki na asilimia 9 halisi. Katika nchi nyingi tajiri siku hizi raia hawapati hivyo kwa kuikopesha serikali. Sisemi haina ubaya. Miaka 25 ni mingi, ukitaka kutoka mapema lazima umpate mnunuzi, na mfumuko wa bei ukirudi kama ule wa miaka ya 1980 hiyo asilimia 9 inayeyuka. Asiyefika milioni anaweza kupitia mifuko ya pamoja ya UTT AMIS, wana Mfuko wa Umoja tangu 2005 na mfuko wa hatifungani tangu 2019. Wenzangu ambao dini haiwaruhusu riba, sukuk zimeshaanza kuorodheshwa hapa nchini, fuatilieni.

Haya, dhahabu.

Dhahabu haizai. Ukifungia gramu kumi kabatini leo, baada ya miaka kumi utakuta gramu kumi. Mbuzi jike kwa muda huo angekuwa na ukoo. Kwa hiyo anayeshika dhahabu analipa gharama isiyoonekana: ile riba ambayo angeipata kwingine. Riba zikiwa chini gharama hiyo ni ndogo, watu wanaikimbilia. Riba zikipanda, kuishika kunauma.

Historia inathibitisha, tena kwa ukatili. Januari 1980 dhahabu iligusa dola 850 kwa wakia, watu wakapanga foleni kuinunua. Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ikapeleka riba hadi karibu asilimia 20 ili kuua mfumuko wa bei. Dhahabu ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inauzwa chini ya dola 300. Bei ile ya 850 haikuonekana tena hadi Januari 2008. Aliyenunua kileleni alisubiri miaka 28 kurudisha dola zake, bila hata senti moja ya riba njiani, na dola zenyewe zikiwa zimeshapoteza thamani. Ukisikia mtu anasema dhahabu haishuki, muulize amezaliwa lini.

Na sisi tuna mfano wetu wa jirani. Biharamulo kulikuwa na mgodi wa Tulawaka, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2005. Mwaka 2013 soko lilinusa kwamba Marekani inaelekea kupunguza ule ununuzi wake mkubwa wa dhamana, yaani hela rahisi zinaelekea mwisho, na dhahabu ikashuka kwa zaidi ya robo ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo African Barrick Gold, ambayo mgodi ule kwake ulikuwa umeshazeeka, iliondoka na STAMICO ikauchukua. Ndio STAMIGOLD ya leo. Mwisho wa 2013 wakia ilikuwa kama dola 1,200. Leo ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Udongo wa Biharamulo haujabadilika, mawe yaleyale. Jiwe lisilolipa gharama ya kulisaga mwaka 2013 linaweza kulipa leo.

Ila kanuni hii ina ufa, na mtu asiyekuambia kuhusu ufa huo anakudanganya. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Kwa kanuni ya Volcker, dhahabu ilitakiwa ife. Kweli iliyumba, mwishoni mwa 2022 ikafika dola 1,600 na kidogo. Halafu ikageuka, ikapanda riba zikiwa bado juu. Machi 2025 ikavuka 3,000, Oktoba ikavuka 4,000. Kwa nini?

Sababu kubwa ni wanunuzi wa aina nyingine. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya fedha za kigeni ya Urusi, kama dola bilioni 300. Kila gavana wa benki kuu duniani aliona kwamba hela uliyoiweka kwenye benki ya mtu mwingine, siku mkikosana, sio yako. Dhahabu iliyo kwenye chumba chako cha chini haizuiliki. Mwaka 2022, 2023 na 2024, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Wanunuzi hawa hawaulizi riba. Wanaogopa kitu kingine.

Tanzania imo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini kinawataka wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza nje watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu yao waiuzie Benki Kuu, na tangu Oktoba 2024 kinatekelezwa. Wanalipwa kwa shilingi, dhahabu inasafishwa hapa nchini na kuingia kwenye akiba ya taifa. Kwa hiyo mchimbaji mdogo wa Biharamulo au Geita leo yuko kwenye foleni moja na magavana, ingawa yeye bado anahangaika na mabroka na bei ya zebaki. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita, angalau bei elekezi anaiona ubaoni.

Lakini hapo kuna mtego wa shilingi ambao wanachuo wanaupita mbio. Dhahabu inapangiwa bei kwa dola, wewe unalipwa kwa shilingi. Wakia moja ni gramu 31.1. Kwa dola 4,000, gramu moja safi ni kama dola 128.6. Dola ikiwa shilingi 2,700, gramu hiyo ni kama 347,200. Dola ikishuka hadi 2,500, ni kama 321,500. Umepoteza elfu ishirini na tano na ushee kwa kila gramu na dunia nzima inaimba kwamba dhahabu imepanda. Na mwaka 2025 shilingi yetu ilifanya hivyohivyo, ilitoka karibu 2,700 kuelekea karibu 2,500. Hapo bado hatujasema kuhusu usafi, kwamba dhahabu ya kutoka kwenye karai sio ile ya kwenye chati.

Sasa wale wa simu. Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapokonda. Ukitredi "dhahabu" kwenye zile programu, hununui dhahabu, unaweka dau juu ya bei yake kwa hela uliyoongezewa na mwenye programu. Kiwango kidogo cha kawaida ni sawa na wakia moja: bei ikisogea dola moja, unapata au unapoteza dola moja. Tuseme umeweka dola 100, yaani kama laki mbili na nusu. Bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo hapo umeweka siku 25 za kula. Tarehe 21 Oktoba 2025 dhahabu ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya siku moja, zaidi ya dola 200 kwa wakia. Fanya hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na wakia halisi kabatini jioni ile bado alikuwa na wakia, na bei yake bado ilikuwa juu kuliko ya mwezi uliotangulia. Wa simu aliyekuwa amenunua alikuwa ameshafungiwa akaunti kabla ya kipindi cha mchana. Wote wawili walikuwa na mtazamo uleule kwamba dhahabu itapanda! Tofauti ilikuwa ni nani anaweza kusubiri, na mtu anayetredi kwa hela ya kuongezewa ameiuza subira yake kama mkulima wa butura. Kabla ya kumpa mtu hela yako, angalau angalia kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ni dakika mbili.

Kwenye hisa nitakuwa mfupi, kwa sababu mfano mmoja unatosha. CRDB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009, bei ilikuwa shilingi 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa 350. Mwaka 2019, miaka kumi baada ya kuanza, hisa hiyohiyo ilikuwa inapatikana chini ya 150. Mikopo chechefu ilikuwa imezibana benki, na hela za serikali zilikuwa zimehamishiwa Benki Kuu. Halafu mwisho wa 2024 ilikuwa juu ya 600. Aliyenunua 2015 na kuuza 2019 atakuambia soko la hisa ni wizi. Aliyenunua 2019 atakuambia ni miujiza. Ni benki moja, kwenye Soko la Hisa moja la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998.

Soko letu lina tabia moja ya kuijua: ni jembamba. Bei unayoiona haina maana kwamba kuna mtu anayesubiri kununua yako. Vodacom iliuza hisa mwaka 2017 kwa 850, na waliotaka kutoka walikuta kwa miaka mingi bei iko chini ya hapo na wanunuzi ni wachache. Kwa hiyo hisa za hapa nanunua kwa ajili ya gawio kwanza, linalokatwa kodi ya asilimia 5 tu, na bei nikiipata ni nyongeza. Kila nikitaka kununua najiuliza swali moja: gawio hili ukilinganisha na kuponi ya hatifungani ya serikali, linanilipa kiasi gani kwa hatari ninayoibeba? Ndio riba tena hiyo, imeingia kwa mlango wa nyuma.

Mwisho nije kwenye madini yetu wenyewe, kwa sababu Ngara tunasubiri kitu ambacho haking'ari. Nikeli ya Kabanga, iliyo upande wa Bugarama, imejulikana tangu miaka ya 1970. Kampuni zimekuja na kuondoka. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba, ikapata asilimia 16 ya Tembo Nickel, na safari hii ilionekana kweli. Machi 2022 bei ya nikeli kwenye soko la London ikaruka hadi zaidi ya dola 100,000 kwa tani ndani ya siku moja, soko likasimamisha biashara na kufuta mauzo ya siku ile. Kijijini watu walisikia ile namba tu. Hawakusikia kilichofuata: Indonesia, ambayo sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, iliendelea kumwaga mzigo, na kwa sehemu kubwa ya 2025 tani imekuwa ikiuzwa kama dola 15,000. Lifezone Metals, wenye mradi, waliingia soko la hisa la New York Julai 2023 kwa hesabu ya dola 10 kwa hisa, na mwaka 2025 hisa hizo zimekuwa zikiuzwa chini sana ya hapo. BHP, waliokuwa na asilimia 17 ya Kabanga Nickel, Julai 2025 walirudisha sehemu yao kwa Lifezone.

Hapa rudia ile hesabu ya milioni 100. Mgodi unataka mamia ya mamilioni ya dola leo, mauzo yaje baada ya miaka. Ukiupima kwa riba ya 2021 ni mradi mmoja, ukiupima kwa riba ya 2023 ni mradi mwingine, hata kama mwamba ni uleule. Kijana wa Nyakisasa anayesubiri ajira ya udereva wa mitambo anasubiri pia vikao vya Washington, na hakuna aliyemwambia. Nawajua watu waliojenga vyumba vya kupangisha kwa ajili ya "watu wa mgodi", wengine kwa mkopo. Wapangaji wanachelewa, marejesho hayachelewi.

Baba yangu mdogo alinipigia mwezi huo wa Oktoba. Alikuwa ameuza ng'ombe watatu na shehena ya maharage.

"Mwanangu, wewe uko huko kwenye elimu. Hapa wanasema tununue dhahabu, haishuki. Unasemaje?"

"Shikamoo baba. Kwanza, lile deni la vyumba bado lipo?"

Akacheka. "Marahaba. Lipo. Linaniangalia."

Deni lake ni la asilimia 18 kwa mwaka. Nikamwambia hakuna dhahabu wala hisa ninayoweza kumwahidi itampa asilimia 18 bila hatari, lakini kulipa lile deni kunampa hiyohiyo, kwa uhakika, kuanzia siku anayolipa. Alilipa sehemu kubwa. Kilichobaki atanunulia mahindi msimu wa mavuno yajayo, ataweka stoo mpaka bei ipande Februari inayofuata, na safari hii anasubiri kwa hela yake mwenyewe. Nilimtajia UTT, akasema atafikiria. Hajafikiria bado.

Kwa upande wangu, hivi ndivyo ninavyoona miezi ijayo. Riba ya Benki Kuu kushuka kutoka 6 hadi 5.75 ni hatua ndogo, lakini ikiendelea huko, hatifungani ndefu za kuponi kubwa zitakuwa ghali, kwa hiyo za sasa nazipenda kuliko zitakazokuja. Hisa za benki zimeshapanda sana, nashika nilizo nazo kwa ajili ya gawio na sikimbilii mpya. Dhahabu nadhani benki kuu wataendelea kuishikilia isianguke kama 1980, ila kwa mtu anayelipwa shilingi, kununua kileleni huku shilingi ikiimarika ni kucheza na moto pande mbili, na sinunui. Kikao cha Kamati ya Sera ya Fedha cha Januari nitakifuatilia.

Nikeli naiacha. Siku fedha za kujenga Kabanga zikisainiwa nitakaa chini na kalkuleta upya, na najua nani atakuwa wa kwanza kunipigia.